Kabla ya Kununua Skana, Tafuta Lebo Mbaya Kuliko Zote

Mfanyabiashara anayetaka skana za mkononi kwa ajili ya ghala lake huanza na bei, na muuzaji humjibu kwa karatasi yenye picha nzuri: ukubwa wa kioo, kasi ya prosesa, megapikseli za kamera, kimo ambacho kifaa kinaweza kuanguka kisivunjike. Yote hayo yana maana yake. Lakini hakuna hata moja linaloeleza kama kifaa hicho kitasoma lebo zilizobandikwa kwenye maboksi yake yeye, mikononi mwa kijana wake wa stoo, saa tisa alasiri, joto limepanda na mtandao umekatika. Ninachotaka kutetea hapa ni mpangilio mwingine wa kuuliza maswali: kwanza lebo, kisha mtu atakayeishika skana, kisha mfumo utakaopokea taarifa, na duka la muuzaji mwisho kabisa. Anayeanzia dukani mara nyingi hujikuta ananunua tena ndani ya miaka miwili.

Tukubaliane tunazungumzia kifaa gani. Skana ya kaunta, ile yenye waya tunayoiona supamaketi, ni jicho tu: inasoma na kuipeleka namba kwenye kompyuta. Kompyuta ya mkononi ya kuskani ina jicho hilohilo, ila imeongezewa prosesa, kioo, betri, Wi-Fi na wakati mwingine laini ya simu. Mtu anatembea nayo kati ya rafu, anaskani katoni, kioo kinamwonyesha zimebaki ngapi, anathibitisha na kusonga mbele. Nyingine zina umbo la simu nene, nyingine zina mpini wa kushika kama bastola na vitufe vya namba. Siku hizi karibu zote mpya zinaendeshwa kwa Android.

Jambo moja linawatatiza wengi wanaonunua kwa mara ya kwanza. Mistari ya msimbopau haina bei wala jina la bidhaa. Tangu tarehe 26 Juni 1974, pale keshia wa supamaketi ya Marsh mjini Troy, Ohio, alipopitisha pakiti ya chingamu ya Wrigley juu ya skana, kilichomo kwenye mistari ya bidhaa za dukani ni namba tu. Kwetu namba hiyo kwa kawaida ina tarakimu 13. Za mwanzo zinaonyesha kampuni imejisajili GS1 (shirika linalogawa namba hizi duniani) ya nchi gani, 620 kwa Tanzania na 616 kwa Kenya, na ya mwisho ni ya kuhakiki kwamba zile 12 za mbele hazikukosewa. (Kuanza na 620 si ushahidi kwamba bidhaa imetengenezwa Tanzania. Inaonyesha tu mwenye namba amejisajili wapi.) Jina, bei na idadi vinakaa kwenye orodha ya bidhaa katika mfumo wako. Kama orodha hiyo imejaa bidhaa moja yenye majina matatu, skana itasambaza mkanganyiko huo kwa kasi ambayo daftari halikuwahi kuwa nayo. Kusafisha orodha ni kazi ya wiki kadhaa na haina muuzaji wa kukukumbusha, kwa hiyo inarukwa.

Je, unaihitaji kweli? Swali hili linajibiwa kwa hesabu. Tuchukue mtu anayeskani mara 1,500 kwa siku, kiasi ambacho si cha ajabu kwenye ghala la usambazaji. Kamera ya simu ya kawaida inalazimika kutafuta fokasi na mtumiaji anapapasa kuilenga; tuseme inachelewa sekunde 2 tu kuliko skana halisi. Hizo ni sekunde 3,000, yaani dakika 50 kila siku. Kwa siku 25 za kazi zinakaribia saa 21 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Mwenye watu sita anapoteza muda unaokaribia siku 16 za kazi za mtu mmoja, kila mwezi, na bado hatujahesabu uchovu wa macho na makosa ya mtu aliyekata tamaa akaamua kuandika namba kwa mkono. Sasa geuza: duka la vipuri linaloskani mara 100 kwa siku linapoteza dakika tatu na kitu. Hapo simu janja aliyonayo mwenye duka, au simu hiyo ikiunganishwa na skana ndogo ya Bluetooth, inatosha kabisa. Skana ya Bluetooth inauzwa makumi ya dola. Kompyuta ya mkononi ya daraja la kati ni mamia kadhaa. Ya kazi ngumu yenye mpini huvuka dola elfu moja. Kama kiwango chako ni skani 100 kwa siku, weka fedha hizo kwenye mtaji wa bidhaa.

Kwa wale ambao hesabu imewaambia wanunue, twende kwenye lebo.

Kabla ya kupiga simu kwa muuzaji yeyote, zunguka ghalani na mtunza stoo wako na kusanya lebo mbaya kuliko zote. Utazipata bila shida. Kuna iliyo chini ya plastiki ya kuzungushia paleti, inayometa taa ikiimulika. Kuna iliyochapwa kwenye kiroba cha unga, imekunjamana na kushonwa katikati. Kuna iliyobandikwa kwenye kona ya boksi, nusu upande huu na nusu upande ule. Kuna kijimraba kwenye boksi la dawa kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Na kuna ile ya juu kabisa ya rafu, mita sita kutoka sakafuni, ambayo dereva wa foklifti huikisia kwa mazoea. Ziweke kwenye bahasha zinazobanduka, zipige picha zisizobanduka, na uandike kila moja inasomwa kutoka umbali gani. Bahasha hiyo ndiyo itakayochagua kifaa. Skana yoyote inasoma lebo safi, nyeupe, iliyonyooka mezani kwa muuzaji.

Lebo hizo zitakuambia kwanza kama bado kuna haja ya kufikiria leza. Skana ya leza inapitisha mstari mwekundu juu ya milia kwa kioo kinachotikisika, inapima mwanga unaorudi, na kutafsiri. Kwa misimbo ya milia ilikuwa nzuri na bado inafanya kazi. Lakini haiwezi kusoma QR, ambayo kampuni ya Denso ya Japani iliitoa mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, wala DataMatrix, ule mraba wa nukta ulioko kwenye maboksi ya dawa. Wala haisomi vizuri msimbo ulioonyeshwa kwenye kioo cha simu. Skana ya picha inapiga picha ya msimbo mzima kwa kihisi chake na kuichambua, iwe milia iwe mraba, hata ukiwa umelala upande.

Na miraba inakuja kwa kasi. Umoja wa Ulaya umelazimisha msimbo wa aina hiyo kwenye dawa za kuandikiwa na daktari tangu tarehe 9 Februari 2019, na ndani yake mna namba ya bidhaa, toleo la kiwandani, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya pekee ya boksi. Famasi inayoweza kusoma tarehe hiyo kwa skani moja haina sababu ya mtu kuinama na tochi kusoma maandishi yaliyopigwa mhuri kwenye kona. GS1 nayo imeweka mwisho wa 2027 kuwa lengo la kaunta za maduka duniani kuweza kusoma misimbo ya mraba sambamba na ya milia. Hapa kwetu wauzaji wa vinywaji wanaufahamu mraba kupitia stempu za kodi za kielektroniki, ambazo TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, ilianza kuzitumia Januari 2019 na KRA ya Kenya ilitangulia na zake mwaka 2013. Skana yako itausoma msimbo wa stempu, ila kuthibitisha kwamba stempu ni halali ni kazi ya programu za mamlaka zenyewe, Hakiki Stempu kwa Tanzania na Soma Label kwa Kenya. Usikubali kuuziwa skana kwa ahadi kwamba yenyewe inatambua stempu bandia. Kwa yote hayo, sioni sababu ya biashara yoyote kununua leza mpya leo.

Umbali ndio unaokula fedha bila mtu kujua. Zipo skana za masafa marefu zinazosoma lebo kubwa yenye kuakisi kutoka zaidi ya mita 20, na muuzaji atakuonyesha kwa fahari. Lakini kinachoamua umbali ni upana wa mlia mwembamba kuliko yote. Kwenye msimbo wa dukani wa ukubwa wa kawaida mlia huo una milimita 0.33, na msimbo mzima pamoja na nafasi tupu za pembeni unafika milimita 37.29. Msimbo huo hausomwi kutoka mita sita kwa bei yoyote. Kabla ya kulipia masafa marefu kwa ajili ya rafu za juu, jaribu mbinu ambayo maghala mengi duniani yanaitumia: lebo za ngazi zote za rafu zinabandikwa kwenye nguzo, usawa wa macho, kila ngazi na rangi yake na mshale wake. Dereva wa foklifti anaskani ya kijani kwa ngazi ya tatu bila kunyoosha shingo. Gharama yake ni karatasi na mchana mmoja wa kubandika, na skana ya kawaida inatosha. Masafa marefu yabaki kwa anayeskani paleti akiwa juu ya foklifti siku nzima.

Kisha kuna lebo unazochapa mwenyewe, na hapa skana hulaumiwa kwa kosa la printa. Karatasi inayochapwa kwa joto peke yake, bila riboni, ni ya ukoo mmoja na risiti ya EFD. Kila mhasibu anajua risiti hiyo ikikaa kwenye gari juani inafifia, ndiyo maana huwa anaitolea kopi. Lebo ya namna hiyo kwenye stoo ya mabati ya Dar es Salaam itafanya vivyo hivyo. Ikiwa bidhaa itakaa rafuni zaidi ya miezi michache, tumia printa ya riboni. Na kama unabandika namba zako mwenyewe kwa bidhaa zilizokuja bila msimbo, GS1 imetenga namba zinazoanza na 20 hadi 29 kwa matumizi ya ndani, ili zisije zikagongana na za kiwanda fulani. Usibuni namba inayoanza na 620 kwa sababu tu inapendeza.

Mtu anayeshika skana hakai kwenye kikao cha manunuzi, na hilo naliona kuwa dhuluma ndogo yenye matokeo makubwa. Bastola kubwa ya kazi ngumu hukaribia gramu 800 ikiwa na betri. Mkono unaoinyanyua mara elfu moja kwa zamu unaanza kuishusha mapema. Baada ya chakula cha mchana mwenyewe ataiacha juu ya boksi na kuandika kwenye karatasi, kisha aingize zote jioni kwa mpigo. Ukiona taarifa za mfumo wako zinaingia kwa mafungu saa kumi na moja jioni, usiwakaripie vijana kabla hujauliza kifaa kina uzito gani. Umbo la simu lenye gramu 250 hadi 350 linafaa kwa mtu anayetembea, anayepanda ngazi, anayeingiza mkono mfukoni. Mpini unafaa kwa mtu anayelenga mbali au anayeskani mfululizo amesimama mahali pamoja. Vitufe halisi vya namba bado vina thamani kwa anayevaa glavu au anayeandika idadi kubwa kila mara, maana kubonyeza 144 kwenye kioo chenye vumbi kunatoa 1444 kirahisi mno.

Lugha pia. Android ina Kiswahili, na programu nyingi za ghala zinaweza kutafsiriwa maneno yake ya kwenye kioo. Kijana aliyehitimu darasa la saba anaposoma "Bidhaa hii haipo kwenye oda" anajua la kufanya. Akiletewa ujumbe wa kosa kwa Kiingereza, anabonyeza chochote ili uondoke. Nimeona fedha nyingi zikitumika kununua kifaa kigumu kuvunjika na senti isitumike kwenye maneno yatakayosomwa juu yake. Ulizia hili kwa mtengenezaji wa programu kabla ya kusaini.

Kuhusu ugumu, mengi yameshaandikwa na sina ya kuongeza sana. Alama ya IP ina tarakimu mbili, ya kwanza vumbi, ya pili maji. IP54 inastahimili stoo ya kawaida. Kwenye saruji, unga au bandarini tafuta 65 au 67, hiyo ya mwisho ikimaanisha kifaa kinaweza kuzama mita moja kwa dakika 30. Kwenye kimo cha kuanguka, uliza kiliangukia nini. Jaribio la kijeshi la Marekani ambalo wauzaji hulitaja linaruhusu plaiwudi juu ya zege, na zege tupu ya ghala lako haina huruma hiyo. Viwanda vya samaki vya Mwanza na vingine vyenye vyumba vya nyuzi 18 chini ya sifuri vina shida yao peke yao: kifaa kikitoka kwenye baridi kwenda kwenye unyevu wa nje, ukungu unajaa kwenye kidirisha cha skana na hakisomi kitu. Matoleo maalumu ya baridi yana hita ndogo kwenye kidirisha na kwenye betri. Ni ghali, lakini kwa kazi hiyo hakuna mbadala.

Betri inataka maneno zaidi, kwa kuwa ndiyo huua skana nyingi kabla ya wakati. Betri za lithiamu hupungua nguvu kila zinapojazwa na kutumika. Baada ya mizunguko 300 hadi 500 nyingi hubaki na asilimia 80 hivi. Ukichaji kila siku, huo ni muda wa miezi 10 hadi 16 tu. Kwa hiyo kifaa chenye betri isiyotoka, cha kufungua kwa fundi, kina umri uliokwisha kupangwa hata kabla hujakilipia. Chagua kinachobadilishwa betri kwa mkono, na kama zamu ni ndefu, kile ambacho hakizimi wakati wa kubadilisha. Nunua chaja ya mezani yenye nafasi kadhaa, uiweke nyuma ya stabilaiza au UPS, maana umeme ukirudi baada ya kukatika huja na kishindo. Na uulize bei ya betri leo, kwa maandishi, na kama itapatikana baada ya miaka mitano.

Sasa mfumo, ambako wanunuzi waangalifu nao hujikwaa. Soko la mitumba lina bastola imara za zamani zenye Windows ya mkononi, zilizotoka kwenye maghala ya Ulaya na Marekani. Zinavutia: chuma kizima, bei ndogo. Tatizo ni kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows Embedded Handheld 6.5 tarehe 14 Januari 2020, na matoleo hayo ya zamani hayajui kuzungumza kwa usimbaji ambao seva za sasa zinaudai. Kifaa kinawaka, kinaskani, kinalia, kisha kinashindwa kuunganishwa na mfumo wako wa mtandaoni. Fundi atajaribu kila ujanja. Hakuna ujanja.

Kwa Android uliza mambo matatu: ni toleo gani leo, litapandishwa hadi lipi, na viraka vya usalama vitatolewa hadi mwaka gani. Toleo la Android linalozeeka linaanza kukataliwa na programu mpya, na kifaa cha miaka miwili kinakuwa sanamu. Chunguza pia kama kina huduma za Google zilizoidhinishwa. Vifaa vingine vya bei nafuu vina Android tupu, bila duka la Play, na programu utakayotaka kesho inaweza isiingie. Halafu hakikisha kinaweza kusimamiwa kwa pamoja kutoka sehemu moja: kufungwa kwenye programu ya kazi pekee, kuwekewa toleo jipya bila kukusanya vifaa vyote mezani, na kufutwa kikiibiwa. Vifaa ishirini vikisimamiwa kwa mkono, hata mchezo wa simu utaingia.

Namba inafikaje kwenye programu? Njia ya kawaida ni skana kujifanya kibodi: inaandika tarakimu mahali kishale kilipo na kubonyeza Enter yenyewe. Ni rahisi na inafanya kazi na programu yoyote, ila kishale kikihama, namba inaandikwa kwenye sehemu ya idadi, na unajikuta na katoni trilioni sita. Njia bora ni programu kupokea namba moja kwa moja kutoka kwenye skana, kazi ambayo mtengenezaji wa programu huifanya kwa siku chache. Mdai.

Kuna kosa dogo ambalo linafaa kutazamwa kwa karibu. Bidhaa za Marekani zina msimbo wa tarakimu 12, na msimbo huo ukiandikwa kwa mtindo wetu wa tarakimu 13 huongezewa sifuri mbele. Skana moja ikipangwa kupeleka 12 na nyingine 13, sabuni ileile inakuwa bidhaa mbili: moja imejaa, nyingine imeisha. Excel nayo hufuta sifuri ya mbele bila kuuliza. Siku ya kuhesabu mali watu wanalaumiana wizi, na hakuna aliyeiba. Dawa yake ni mpangilio mmoja ndani ya skana, kwamba kila msimbo upelekwe kwa tarakimu 13, uwekwe kwenye vifaa vyote siku ya kwanza.

Mtandao ukikatika, kazi isisimame. Programu iwe inahifadhi skani ndani ya kifaa, kila moja na saa yake, na kuzituma mawasiliano yakirudi. Jaribio lake ni jepesi: zima Wi-Fi mbele ya muuzaji, skani bidhaa kumi, izime skana kabisa, iwashe, rudisha Wi-Fi, kisha uone kumi zote zimefika. Ndani ya ghala lenye rafu za chuma mawimbi hujificha, kwa hiyo pima Wi-Fi rafu zikiwa zimejaa mzigo. Laini ya simu ilipiwe kwa magari ya usambazaji tu. Wa ghalani hawaihitaji, na toleo lisilo na laini ni nafuu. Vyenye laini vina IMEI kama simu yoyote, na tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipozima simu bandia tarehe 16 Juni 2016 hilo si jambo la kupuuza. Anayeagiza kutoka Marekani awe macho zaidi, kwani matoleo ya huko yanaweza kukosa masafa ya 4G ya mitandao yetu. Wenye kufikiria RFID, yaani lebo zinazosomwa kwa mawimbi ya redio, wakumbuke kwamba Marekani inatumia megahezi 902 hadi 928, na sehemu ya eneo hilo huku kwetu ni ya simu za mkononi. Kinachotakiwa ni toleo la Ulaya, 865 hadi 868.

Majina ya watengenezaji yanachanganya kwa sababu yamemezana. Symbol ilinunuliwa na Motorola mwaka 2007, kisha kitengo hicho kikauzwa kwa Zebra mwaka 2014. Intermec iliingia Honeywell mwaka 2013. Datalogic ya Italia imebaki na jina lake. Urovo, Chainway na Newland za Uchina, pamoja na Bluebird na Point Mobile za Korea, zinauza vifaa vya heshima kwa bei ya chini. Mimi siogopi majina hayo ya Asia. Ninachokiogopa ni kifaa cha jina lolote ambacho kikiharibika kinasafirishwa nje ya nchi na kurudi baada ya wiki sita.

Tazama hesabu hii, ambayo tarakimu zake nimezipanga kwa mfano. Kifaa cha shilingi 700,000 kinachodumu miaka 2 kinagharimu 350,000 kwa mwaka. Kifaa cha 1,800,000 kinachodumu miaka 6, kikibadilishiwa betri mara mbili kwa 150,000 kila moja, jumla ni 2,100,000, nacho ni 350,000 kwa mwaka. Bei imetoka sare. Kinachobaki kuamua ni siku ambazo mtu amekaa bila kifaa, na kazi ya kuhamisha mpangilio na kufundisha upya kila baada ya miaka 2. Ndiyo maana ninapendelea cha kudumu kwa ghala lenye zamu, na cha nafuu kwa biashara ambayo bado haijui kama mwakani itakuwa na watu watatu au kumi. Kwa vyovyote nunua kimoja cha akiba kwa kila kumi.

Kabla ya malipo omba vifaa viwili vya aina mbili kwa wiki mbili, na wiki hizo ziguse siku ya kuhesabu mali mwisho wa mwezi. Mpe kimoja mwenye haraka kuliko wote na kingine mwenye kusitasita, wabadilishane katikati, na bahasha ya lebo mbaya ipite kwa vyote viwili. Hesabu lebo zilizosomwa kwa jaribio la kwanza. Waulize mkono umechoka saa ngapi. Kisha mkataba utaje bei ya betri na muda zitakaopatikana, mwaka wa mwisho wa viraka vya usalama, siku za juu kabisa za matengenezo, na kifaa cha kuazima chako kikiwa kwa fundi. Muuzaji asiyekubali kuacha kifaa ghalani kwako hata wiki moja, mshukuru na umpigie mwingine. Dar es Salaam na Nairobi wapo wanaokubali.